Picha moja nyeusi na nyeupe kila siku Mwanza: ikiharibika, anza hapa

Mradi wa kupiga picha moja nyeusi na nyeupe kila siku hauhitaji vifaa vya ajabu. Simu yenye kamera ya wastani inatosha kabisa. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba picha ikitoka mbaya hawajui imeharibikia wapi, basi lawama zote zinaenda kwa simu na mtu anaanza kudunduliza hela ya kamera. Kamera inanunuliwa, picha inabaki ileile.

Njia ya kumkamata mchawi ni moja: fungua kwanza picha ya rangi, ile ya asili ambayo haijaguswa. Kama nayo imepooza, kosa ni la mwanga au la mipangilio ya kamera, na hakuna programu ya kuliokoa. Kama ya rangi ni nzuri ila nyeusi na nyeupe imekufa, kosa limeingia wakati wa kugeuza. Na kama zote mbili zinapendeza kwenye simu yako lakini mwenzako anaona uchafu, au karatasi imetoka na rangi za ajabu, kosa liko kwenye kutuma au kuchapisha. Kila tatizo hapa chini linaanza na ukaguzi huo.

Huna picha ya rangi ya kufungua

Basi hilo ndilo tatizo la kwanza, litatue kabla ya mengine. Simu nyingi ukiwasha filta ya kijivu ndani ya kamera zinahifadhi JPEG ya kijivu peke yake. Rangi zimekwenda na hazirudi. Kamera kubwa nayo ikiwekwa kwenye monokromu itakufanyia hivyohivyo kwenye JPEG, ila ukiwasha RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, faili linabaki na rangi zake zote huku kioo cha nyuma kikikuonyesha kijivu. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa mwenye kamera: jicho linazoea kusoma mwanga bila kudanganywa na rangi, na faili haliharibiki.

Kwa mwenye simu, piga ya rangi, geuza baadaye. Wapo watakaokwambia mpiga picha wa kweli anaona kijivu kichwani kabla hajabonyeza. Na aone. Faili la rangi halimzuii.

Picha nzima imekuwa kijivu

Malalamiko haya ndiyo yanaongoza. Hakuna cheusi cha kweli, hakuna cheupe cha kweli, kila kitu kimekaa katikati kama uji uliosahauliwa chumvi na sukari. Vyanzo ni kadhaa, na nimevipanga kwa jinsi vinavyojitokeza mara nyingi.

Cha kwanza ni saa. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, wakati Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Kwa hiyo jua letu halifiki juu kabisa saa 6 kamili mchana. Kwa wastani linafika saa 6:48. Dar es Salaam linafika mapema zaidi, dakika kama 25 kabla yetu. Ukifuata ratiba ya mwanga ya mtu wa Dar, asubuhi utafika bado giza, na jioni utaondoka wakati mwanga ndio kwanza umeanza kuwa mtamu. Hapa jua linachomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro asubuhi kutegemea mwezi, na linazama kati ya saa 12:40 na saa 1 na dakika chache jioni. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Maana yake ule mwanga wa chini kabisa, wenye vivuli virefu, unadumu kama dakika 40 tu. Huko Ulaya wakati wa kiangazi wana muda wa kunywa kahawa. Wewe huna.

Saa zako ni hadi saa 2:30 asubuhi, halafu kuanzia saa 11 jioni. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita karibu utosini, kivuli chako kinajificha chini ya viatu, na picha ya nje ya saa 7 inakuwa haina umbo lolote. Kama kazi yako inakuruhusu mchana pekee, ingia chini ya paa: baraza, kibanda cha mama ntilie, ndani ya duka lenye mlango mmoja. Mwanga unaoingia kwa upande mmoja ndio unaochonga vitu.

Cha pili ni mawe yenyewe. Miamba ya Mwanza ni itale ya kijivu, na siku ya mawingu anga nalo ni kijivu. Kijivu juu ya kijivu, unategemea nini? Nyumba zilizopandana juu ya miamba ya Mabatini, Igogo na Bugando zinapendeza kwa macho kwa sababu ya mabati yenye kutu na kuta za rangi, vitu ambavyo kijivu kinavifuta vyote. Jua la pembeni la asubuhi linaleta mikwaruzo na nyufa za jiwe. Dawa nyingine ni mvua. Jiwe likilowa linakuwa jeusi, na maji yanayotiririka yanaacha michirizi ya ving'avu juu yake. Wengi huficha kamera mvua inapokatika, na hapo ndipo miamba inapoanza kuonekana. Ndani ya nusu saa baada ya mvua kukatika, toka.

Cha tatu ni HDR ya simu, ile inayounganisha picha kadhaa ili pasiwe na sehemu nyeusi wala nyeupe mno. Kwa picha ya rangi ya harusi ni sawa. Kwa nyeusi na nyeupe ni sumu, kwa sababu inainua vivuli ambavyo wewe unavihitaji. Izime, na kama simu yako haikubali kuizima, shusha mwanga kidogo kabla ya kupiga ili vivuli vibaki vivuli.

Ya rangi ilikuwa nzuri, ikageuka ikafa

Hapa kosa ni la kugeuza, tena ni rahisi. Watu wengi wanaondoa rangi kwa kushusha ukolezi wa rangi (saturation) hadi sifuri. Programu inafuta rangi, lakini haijui ni rangi gani ulitaka itengane na ipi. Nyekundu ya nyanya na kijani cha hoho, ambazo sokoni zinapigana, kwenye kijivu zinaweza kuwa kitu kimoja.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni yule mjusi wa kwenye mawe, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Dume lina kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, na mwili wa bluu. Utamkuta akiota jua Kisiwa cha Saanane au kwenye jiwe lolote la mjini, anapiga pushapu. Mpige kwa rangi, kisha ondoa rangi tu: anageuka mjusi wa kijivu juu ya jiwe la kijivu, hana habari. Sasa rudi kwenye ile ya rangi, fungua sehemu ya nyeusi na nyeupe ya Snapseed au Lightroom, chagua filta nyekundu au buruta mstari wa nyekundu juu na wa bluu chini. Kichwa kinakuwa karibu cheupe, mwili unakuwa mweusi, jiwe linabaki katikati. Ni mjusi yuleyule, faili lilelile. Fanya kinyume chake uone mwili uking'aa na kichwa kikizama. Zoezi hilo dogo linafundisha kugeuza kuliko saa nzima ya video.

Mantiki ni hii: filta inang'arisha rangi inayofanana nayo na kuitia giza ile ya upande wa pili. Nyekundu inatia giza anga la bluu na kuyatoa mawingu. Njano inafanya hivyo kwa upole. Kijani kinang'arisha majani, jambo linalosaidia kwenye magugu maji, ambayo bila hiyo huonekana kama doa jeusi lisiloeleweka kwenye ukingo wa ziwa.

Filta nyekundu ndiyo pia dawa ya utusi, ule ukungu mkavu wa hewani. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna vumbi na moshi hewani, na vitu vya mbali vinafifia. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 lina urefu wa kilomita 3. Ukisimama upande mmoja kipindi hicho, nguzo za ng'ambo zinayeyuka. Utusi umejaa mwanga wa bluu, kwa hiyo shusha bluu na nguzo zinarudi. Usiivute hadi mwisho, hasa kwenye JPEG. Anga litaanza kutoa chembechembe na mistari ya ngazi, na kingo za mawingu zitapata mduara mweupe. Ukiona hivyo, rudisha nusu.

Dagaa wametoka wachafu, korongo ametoka kijivu

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinaangalia nini. Kinachukulia kwamba kila tukio, kwa wastani, ni kijivu cha kati, na kinapanga mwanga ili litoke hivyo. Ukielekeza kamera kwenye dagaa walioanikwa mwaloni, eneo zima linameta fedha, kamera inashtuka na kushusha mwanga, na dagaa wanatoka kama mchanga uliolowa. Ongeza mwanga wewe mwenyewe: alama ya jumlisha, theluthi mbili hadi hatua nzima. Kwenye simu gusa sehemu unayotaka, kisha buruta ile alama ya jua juu.

Kinyume chake, ukijaza fremu na nyavu nyeusi, au mgongo wa yule korongo mkubwa mwenye upara anayezurura Kirumba akisubiri utumbo wa samaki, kamera inaongeza mwanga na cheusi kinakuwa kijivu chepesi. Punguza. Kitu cheupe ongeza, kitu cheusi punguza. Inaonekana kinyume na akili, ila ukiijaribu asubuhi moja utaizoea.

Ziwa limekuwa karatasi nyeupe na mtu amekuwa kivuli

Ziwa letu liko upande wa magharibi wa mji, kwa hiyo jioni ukimpiga mtu aliyesimama mbele ya maji, jua liko nyuma yake. Hakuna simu itakayoonyesha maji yanayong'aa na uso wa mtu kwa pamoja bila kughushi kimoja. Una njia tatu. Kubali kivuli, lakini basi umbo lisomeke: mkono utengane na mwili, kasia litengane na mtumbwi, kichwa kisiguse mstari wa ng'ambo. Au mgeuze mtu, wewe usimame majini na yeye atazame ziwa, maji yenyewe yatamwakisia mwanga usoni. Au rudi asubuhi, jua likiwa nyuma ya mji, limpige mvuvi na mtumbwi wake kwa mbele huku maji yakiwa bado na giza. Mimi nachagua ya tatu karibu kila mara. Mwanza haina upungufu wa picha za Jiwe la Bismarck likiwa kivuli jioni. Ya asubuhi, jiwe likiwa na uso wake wote, ni adimu kuliko unavyodhani.

Asubuhi ina faida nyingine. Mawingu ya radi hujikusanya juu ya ziwa usiku, na alfajiri mara nyingi yako bado huko ng'ambo yakisambaratika. Anga tupu ndilo linaloua picha nyingi za ziwa, na saa hiyo huwa si tupu.

Vimulimuli vya jua juu ya maji vikipaa na kuwa vyeupe kabisa, viache. Histogramu, ile chati ya mwanga wa picha, ikigonga ukuta wa kulia kwa sababu ya vimulimuli tu, si ugonjwa. Ikigonga kwa sababu ya shati la mtu au mawingu, hapo shusha.

Sura ya mtu imezama, au imekuwa majivu

Hili nalipa nafasi zaidi kwa sababu ndilo linalokera wenye picha. Mtu mweusi anapigwa, anaonyeshwa, anasema "mbona umenitia masizi?" Au mpiga picha amemsikia mapema, kaburuta mwanga juu hadi uso umekuwa wa kijivu cha majivu, na huyo naye hamtambui.

Anza na ile ya rangi. Kama uso umezama humo, kamera ilipima mwanga wa kitu kingine, kwa kawaida anga au ukuta mweupe nyuma. Gusa uso kwenye kioo, shikilia hadi kipimo kijifunge, halafu ndiyo upange fremu. Toa anga nyuma yake ikiwezekana. Ukuta wa matope, mlango wa mbao, kivuli cha banda, vyote ni bora kuliko anga.

Halafu angalia mwanga unatoka wapi. Ngozi nyeusi haipendezi kwa kumulikwa tu. Inapendeza kwa kuakisi. Ule mng'ao kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na daraja la pua ni taswira ya kitu kikubwa kilicho mbele yake. Mpe kitu kikubwa cha kuakisi: mlango uliofunguka, ukuta uliopakwa chokaa upande wa pili wa barabara, maji. Jua kali la moja kwa moja linatoa vidoa vidogo vikali na mashimo ya macho. Siku ya mawingu mazito ya masika, mtu akisimama ukingoni mwa baraza akitazama nje, kazi imekwisha.

Kwenye kugeuza, ngozi ya kahawia iko ndani ya rangi ya chungwa na nyekundu. Inua chungwa kidogo na uso unafunguka bila kugusa mandhari. Inua mno, midomo inapotea, kwa kuwa nayo ina wekundu na inapanda sawasawa na mashavu. Ukiona mtu hana midomo, umezidisha. Na filta ya kijani iliyosaidia magugu maji inazamisha ngozi, usiisahau imewashwa.

Kitu kingine: simu nyingi zinakuja na kulainisha ngozi kumewashwa tayari. Kwenye rangi huenda usigundue. Kwenye nyeusi na nyeupe mzee wa miaka 70 anatoka na uso wa plastiki, makunyanzi yote yamepigwa pasi. Zima kabisa.

Kama tatizo ni nguo, yaani kitenge kimemeza mtu, usikimbilie ukuta mtupu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu wenye nguo za maua mbele ya shuka lenye maua, na jicho bado linaenda usoni. Uso ndio mahali pekee patulivu kwenye fremu, ndiyo maana. Sogea karibu hadi uso uwe mkubwa kuliko ua lolote la kitenge.

Michirizi ya mlalo kwenye picha za usiku

Mistari ya giza na mwanga inayokata picha ya kibanda cha chipsi husababishwa na taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi za bei nafuu zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata yenye spidi kubwa inazikamata katikati. Weka shata 1/50 au 1/100. Kwenye simu tafuta mpangilio wa kuzuia kumeta, chagua 50 Hz. Taa za betri za wavuvi wa dagaa nazo zinaweza kumeta, lakini kwa mwendo wake zenyewe, kwa hiyo jaribu spidi mbili tatu.

Kama michirizi hakuna ila watu wana mizimu, ni ile hali ya usiku ya simu, inayounganisha picha nyingi. Watu wametembea, yenyewe ikaendelea kuunganisha. Zima, kubali chembechembe. Nyeusi na nyeupe inazibeba chembechembe vizuri kuliko rangi.

Ukungu na madoa

Ukungu wa kudumu, taa zikiwa na mikia: ni mafuta ya vidole kwenye lenzi ya simu, na ukiwa umeshika samaki ni zaidi. Futa kwa kipande laini kisicho na mchanga. Ukungu unaokuja ukitoka kwenye ofisi au gari lenye kiyoyozi ni mvuke. Usiufute, acha kamera ndani ya begi robo saa izoee joto. Doa linalokaa palepale kwenye kila picha, hasa angani ukitumia f/16 (tundu dogo la lenzi), ni vumbi kwenye sensa: puliza kwa puto la mpira, kamwe usipulize kwa mdomo. Vidoa vinavyobadilika mahali ni wadudu wa ziwani, na hao hawana dawa ila kuhama.

Kwa wachache wa filamu

Negativu zikitoka nzito na ngumu, weupe umeziba, karibu hakika dawa ya kusafishia filamu ilikuwa ya moto. Muda unaoandikwa kwenye pakiti ni wa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba hapa yanazidi hapo. Kwenye nyuzi 24 muda unashuka hadi takriban theluthi mbili. Bora zaidi, weka chupa kwenye beseni lenye barafu na upime kwa kipimajoto, maana kukisia kwa kidole hakutoshi.

Saa 5 usiku na bado huna picha ya leo

Unapiga kikombe kitandani. Kesho yake soksi. Hili watu hulitafsiri kuwa ni uvivu, na hapo wanakosea. Ni kwamba picha haikupewa mahali kwenye siku, kwa hiyo inagombania masalia. Ifunge kwenye safari ambayo ungeifanya hata hivyo. Anayetoka Igoma kwenda mjini ashuke Mabatini, anayetoka Buhongwa ashuke Igogo, amalizie kwa miguu. Dakika 20 za kutembea asubuhi zinatoa picha kuliko Jumamosi nzima ya kuzunguka ukitafuta la ajabu.

Zikianza kufanana, angalia umbali. Utakuta zote zimepigwa kutoka mita tatu, usawa wa macho. Chagua kitu kimoja kwa wiki na ukisogelee. Mikono tu, kwa mfano. Kwa wapara samaki, magamba ya sangara yanagandia kwenye ngozi hadi kiwiko na kukaukia hapo, kila gamba na ukingo wake mweupe, na kisu kinapopita yanaruka. Hiyo peke yake ni wiki nzima. Wiki inayofuata kayabo, zile nyama za sangara zilizotiwa chumvi zikipangwa kwa marundo, kingo zake zina chumvi iliyoganda.

Siku ikikupita, iache tupu kwenye orodha. Ukianza kupiga mbili leo ili moja uiandike jana, mradi umekuwa wa kujaza fomu.

Watu wanageuka, wanafukuza, wanadai hela

Chanzo karibu kila mara ni kamera kutangulia salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Naomba nikupige picha hapo unapopara, ni zangu mwenyewe, siuzi." "Utaniletea?" Hapo ukisema ndiyo, umeshaingia deni, na deni hilo lilipwe kwa karatasi. Mimi sitoi hela ya picha, ila ya soda ninatoa bila kinyongo tukishazoeana. Kwa wazee wa Kisukuma, Mwangaluka ya asubuhi inafungua milango ambayo Kiswahili kinagonga tu.

Mwaloni jitambulishe kwanza kwa uongozi wa soko. Kwenye mialo midogo, kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Bandari, vivuko, polisi na kambi, omba ruhusa au pita. Watoto, mzazi aseme. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kumtupia mtu mtandaoni bila ridhaa yake si suala la adabu peke yake.

Tarehe zimechanganyikana, picha zimepungua ubora

Umezipitisha WhatsApp. Ikituma kama picha inaibana na kufuta taarifa za ndani ya faili, na jina la faili linaloanza na IMG na kuishia na WA na namba lina tarehe ya kutumwa au kupokelewa, si ya kupigwa. Tuma kama dokumenti. Ipe kila picha jina la tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2026-02-14, na mwaka mzima utajipanga wenyewe.

Piga hesabu ya nafasi mapema. RAW ya megapikseli 24 inakula kama MB 25. Ukipiga 20 kwa siku ni MB 500, kwa mwaka zaidi ya GB 180. Kadi moja ndogo haitoshi. Kadi ya bei ya kutupa iliyoandikwa GB 256 ijaze yote siku ya kwanza, kisha fungua mafaili ya mwisho. Kama ni feki, utayakuta yameharibika siku hiyohiyo ukiwa bado na risiti.

Karatasi imetoka na ukijani, au giza tupu

Studio nyingi zinachapisha nyeusi na nyeupe kwa mashine na wino wa rangi, na rangi zikipotoka kidogo kijivu kinaelekea kijani au zambarau. Kwenye picha ya rangi usingeona. Kwenye kijivu inaonekana papo hapo. Mwambie fundi azime marekebisho ya otomatiki, akutolee ndogo moja ya majaribio, na uitazame nje kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya dukani nayo ina rangi yake. Akishindwa kuitoa, ongeza wewe ujoto kidogo kwenye faili, ielekee kahawia. Kijivu chenye joto kinasameheka, cha kijani hakisameheki.

Giza linatokana na kioo cha simu kuwa kimewekwa mwanga wa juu kabisa wakati wa kuhariri. Shusha mwanga wa kioo hadi nusu, hariri upya, uone kwamba vivuli ulivyodhani vina kitu ndani vilikuwa vitupu. Inua vivuli kidogo kuliko unavyopenda kwenye kioo, maana karatasi inavimeza, kisha rudia ile ndogo ya majaribio kabla ya kutoa ya mama wa samaki.